Namba, Idadi na Tarakimu: Juu ya Wasiwasi wa Wanahisabati

Philip Davis na Reuben Hersh, katika kitabu chao The Mathematical Experience cha mwaka 1981, wamemchora mwanahisabati kuwa mtu wa imani mbili. Akiwa kazini huamini kwamba namba zipo kweli, naye huzigundua tu. Akiulizwa zipo wapi, hukimbilia kusema kwamba hisabati ni mpango wa alama na kanuni zake. Picha hii ni ya haki. Russell alimwandikia Frege mwaka 1902 kumwonyesha mgongano katika misingi aliyoijenga, lakini hesabu za watu hazikusimama hata siku moja.

Hata hivyo picha hiyo yamwonyesha mwanahisabati peke yake. Haionyeshi lugha anayohesabia. Yafaa kutazama Nachingwea na Ruangwa, ambako Kiswahili husemwa pamoja na Kimwera, Kiyao na Kimakua. Katika Kiyao, saba hutajwa kuwa “tano na mbili”, na hiyo mbili hufuata ngeli ya kitu kinachohesabiwa. Namba huonekana ikiundwa, wala haiachani na vitu vyake. Katika Kiswahili, saba ni neno moja litokalo Kiarabu, lililochukua mahali pa fungate, ambalo leo limebaki kwa siku za arusi. Nalo halibadiliki: husemwa magunia matatu, lakini magunia saba. Neno limesimama peke yake, kama jina la kitu. Mpima ufuta wa Ruangwa ajuaye lugha zote mbili aweza kuhesabu kwa hii au kwa ile, na jumla yake ni moja.

Mwanahisabati atasema kwamba namba ni ile ile. Jibu hilo latosha kwa kazi, lakini ni la falsafa, kwa kuwa ladai kuna kitu kimoja nyuma ya majina mawili. Akisema kuna alama tu, itambidi aeleze kwa nini alama mbili zisizofanana zalingana daima. Wala mwanaisimu asishangilie mapema. Upatanisho wa ngeli hauthibitishi kwamba namba ni sifa ya vitu; Frege alikwisha kuonyesha mwaka 1884 kwamba idadi hutegemea dhana itumiwayo. Kilicho magunia saba ni shehena moja pia.

Jambo hili lina uzito darasani. Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali Tanzania, nacho kina maneno matatu: idadi kwa wingi wa vitu, tarakimu kwa alama iandikwayo, na namba kwa kile hasa kinachobishaniwa. Kamusi au kitabu cha shule kikieleza kwamba namba ni alama, kimekwisha kuukata ubishi huo kwa mstari mmoja, na mtoto wa Nachingwea hakuambiwa kwamba ulikuwapo. Afadhali maneno hayo yatenganishwe, na swali liachwe wazi mbele yake.