Ufundi wa Kupanda Polepole

Watu humsifu mzamiaji kwa kina alichofika. Anayeijua kazi hiyo humpima kwa namna anavyorudi juu.

Mume na mke wanaotoka Dundori kwenda kuzamia Pwani wana sababu ya kulijua hilo kuliko wageni wengi. Kwao ni zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, na githeri huchelewa kuiva. Wakibeba shanta mgongoni, wakapanda matatu hadi Nakuru, kisha Nairobi, kisha treni ya SGR iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017, huwa wameshuka zaidi ya kilomita 2 kabla hata ya kulowa miguu. Baada ya feri ya Likoni, barabara ya kusini huwafikisha Shimoni. Ng'ambo ni kisiwa cha Wasini, na mbele zaidi ni Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti, ambako wakati wa kaskazi bahari hutulia na kasa huonekana wakila majani chini bila wasiwasi.

Mtazame mwalimu mzuri wa kuzamia akiwa kazini humo. Mikono ameikunja kifuani, mapezi hayachezi, naye ameelea palepale juu ya matumbawe kama aliyetundikwa. Anatumia pumzi tu: akivuta hewa anainuka kidogo, akiitoa anashuka. Hagusi kitu. Matumbawe ya Pwani yalipauka vibaya mwaka 1998 bahari ilipopata joto kupita kiasi, na teke moja la pezi laweza kuvunja tawi lililochukua miaka kukua. Kila baada ya muda anawauliza mume na mke hao kwa ishara hewa imebaki kiasi gani. Dole gumba likielekea juu, maana yake ni moja: tunapanda. Wawili hao hupanda pamoja, kila mmoja akimtazama mwenzake.

Hapo ndipo ufundi ulipo. Kifaa cha kupumulia, ambacho Jacques Cousteau na mhandisi Émile Gagnan walikitengeneza Ufaransa mwaka 1943, humpa mzamiaji hewa yenye shinikizo sawa na la maji yanayomzunguka. Mita 10 chini, shinikizo hilo ni mara mbili ya lile la ufukweni. Mita 20, mara tatu. Kwa hiyo naitrojeni nyingi huyeyuka katika damu na misuli. Ukipanda kwa pupa, hugeuka mapovu ndani ya mwili, na maungo huuma, hata mtu aweza kupooza.

Tiba ya pupa ilipatikana kwa mbuzi. John Scott Haldane na wenzake waliwaweka mbuzi katika chumba cha shinikizo huko Uingereza, wakawaangalia wanaoinua mguu wa mbele kwa maumivu, na mwaka 1908 wakachapisha majedwali ya kupanda kwa vituo. Mzamiaji wa leo wa kujifurahisha hupanda kama mita 9 kwa dakika, halafu hungoja dakika 3 akiwa mita 5 chini. Dakika hizo 3 ni ndefu kwa mwenye baridi. Mwalimu wa kweli hazipunguzi.

Tena kazi yake haiishii chomboni. Ndege huweka ndani yake hewa ya kimo kisichozidi mita 2,400 hivi, ndiyo maana waliozamia siku kadhaa huambiwa wasubiri angalau saa 18 kabla ya kuruka. Wengi hudhani wenye tiketi ya treni hawahusiki. Lakini Nairobi peke yake ni kama mita 1,700, na Dundori inakaribia kimo kile cha ndani ya ndege. Mwalimu anayejali huwauliza mapema nyumbani kwao ni wapi, kisha huwapangia siku ya mwisho ya nchi kavu: watembee Wasini, wale samaki wa kupaka, walale. Treni wapande kesho yake.