"Kutua" au "Kuungana"?

Tarehe 2 Machi 1978 chombo cha Soyuz 28 kiliwachukua Gubarev wa Umoja wa Kisovieti na Remek wa Chekoslovakia. Kesho yake kikafika kwenye kituo cha Salyut 6. Tafsiri isemayo kwamba chombo "kilitua" kituoni yapotosha. Kituo hakikuwa kimetulia: vyote viwili vilikuwa vikiizunguka dunia kwa kasi ya kilometa zipatazo 28,000 kwa saa. "Kutia nanga" nako hakufai, kwani nanga husimamisha. Twapendekeza "kuungana", na "kutua" kubakie kwa tarehe 10 Machi, wasafiri hao waliporudi ardhini. La sivyo, mwanafunzi atasoma "kutua" mara mbili na kudhani safari ilikoma siku ya pili. Twangoja maoni ya wafasiri na walimu.