Gesi ya Mtambo wa Baridi Haiishi, Huvuja

Gesi ya mtambo wa baridi wa supamaketi au bucha haichomwi ikaisha kama petroli. Hugeuka kimiminika, hurudi kuwa mvuke, na ingezunguka hivyo miaka mingi. Ikipungua, ipo inakotokea. Shirika la Mazingira la Marekani limekadiria kuwa supamaketi ya kawaida nchini humo hupoteza karibu robo ya gesi yake kila mwaka.

Kinachovujisha mara nyingi ni kitu kidogo. Kompresa hutetemeka usiku na mchana, na bomba la shaba lisiloshikiliwa vizuri husuguana na jingine hadi litoboke. Maungio ya nati hulegea kwa kutanuka na kusinyaa kila barafu inapoyeyushwa. Vali za kujazia gesi zikiachwa bila vifuniko huvuja polepole, uzembe wa fundi mwenye haraka. Mwambaoni nako, hewa ya chumvi huila kondensa pale alumini inapogusana na shaba.

Madhara huishia kwenye kompresa. Katika kompresa nyingi za aina iliyofungwa, mvuke baridi unaorudi ndio unaopoza mota. Ukipungua, mota huungua. Oili nayo husafirishwa na gesi hiyo hiyo, hivyo mkondo ukidhoofika oili hubaki kwenye koili na beringi hukauka. Presha ya upande wa kunyonya ikishuka chini ya ile ya hewa ya nje, tundu lililokuwa likitoa gesi huanza kuingiza hewa na unyevu. Unyevu na oili, pakiwa na joto, huzaa asidi inayokula vanishi ya waya za mota. Kompresa mpya ikifungwa bila tundu kuzibwa, nayo itakufa vilevile.

Kuongeza gesi tu, basi, si matengenezo. Kwa mchanganyiko wa gesi kama R-407C hata uwiano huharibika, kwa kuwa viambato vyake havivuji kwa kiwango kimoja. Tena gesi ya R-404A ikiwa angani huongeza joto la dunia karibu mara 3,900 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi. Gesi za jamii hiyo ndizo zilizolengwa na Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, makubaliano ya kimataifa ya kuzipunguza.

Fundi makini hujaza nitrojeni kwa presha, hupaka povu la sabuni kwenye maungio, huziba, kisha hunyonya hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu. Katika mitambo midogo gesi hupimwa kwa mzani, kufuata uzito ulioandikwa kwenye kibati cha mtambo. Geji pekee haitoshi, kwani maadamu kimiminika kimo, presha hufuata joto, si wingi wa gesi.