Kuwahi Nzige Kabla ya Saa 4 Asubuhi

Nzige wa jangwani waliingia Kenya kutoka Somalia mwishoni mwa Desemba 2019, wakipitia Mandera na Wajir, na baada ya majuma machache wakawa wamefika Garissa na kaunti nyingine nyingi. Nchi haikuwa imeona uvamizi wa kiasi hicho kwa miaka 70. Chanzo kilikuwa mbali: vimbunga vya Mekunu na Luban, mwaka 2018, vililowesha jangwa la Rub al-Khali huko Arabuni, nzige wakazaana humo vizazi kadhaa bila mtu kuwaona.

Kundi linaloenea kilomita moja ya mraba huweza kuwa na nzige milioni 40 hadi 80, na kila mmoja hula kwa siku majani ya uzito wake mwenyewe, gramu 2 hivi. Wenye mashamba kandokando ya Mto Tana walipiga madebe na kuwasha moto wa moshi. Njia hiyo huokoa shamba moja na kuwapeleka nzige kwa jirani.

Kilicholiweza kundi lenye mabawa ni kuijua ratiba yake. Nzige hutegemea jua kupata joto mwilini. Jioni hutua juu ya migunga, usiku hulegea kwa baridi, na asubuhi huota jua hadi saa 3 au 4 ndipo waruke. Upepo ukiwafaa huenda kilomita 150 kwa siku. Basi alasiri ni ya kulifuatilia kundi hadi litue, na alfajiri ni ya ndege ya kunyunyizia. Dawa yenyewe, kama vile fenitrothioni, haichanganywi na maji; hutoka kwa matone madogo mno, lita moja au pungufu kwa hekta, na upepo ndio unaoyasambaza. Hewa ikishapata joto la mchana huyainua matone hayo yasifike chini. Saa za asubuhi, kwa hiyo, zilikuwa na thamani mara mbili.

Kasoro kubwa ilikuwa habari. Mchungaji wa ngamia alikuwa wa kwanza kuona kundi lilipolala, lakini ujumbe wake ukipita kwa chifu, kisha ofisini, ukachelewa nusu siku, ndege ilikuta miti mitupu. Programu ya simu ya eLocust3m, iliyotolewa mapema 2020, ilifupisha safari hiyo kwa kutuma picha pamoja na mahali halisi. Karibu na mpaka wa Somalia hata hiyo haikutosha, kwa sababu ya ukosefu wa usalama.

Wakati mwepesi zaidi kuwaua ni wa utunutu. Jike hutaga kwenye mchanga mbichi, kina cha sentimita 10 hivi. Mayai huanguliwa baada ya majuma mawili, na tunutu hutembea bila mabawa kwa mwezi mmoja au zaidi. Vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) walifunzwa kuwanyunyizia kwa pampu za mgongoni. Lakini tunutu hawatishi mtu. Wakiwa nyasini hudhaniwa panzi, na wengi hawakuripotiwa hadi walipoota mabawa.

Upande wa Somalia ulitumia zaidi kuvu wa Metarhizium acridum, anayeua nzige na jamii yake tu. Huchukua siku nyingi kuua, ila mifugo haidhuriki malishoni, wala nyuki.

Mvua haba za 2021, zilizowaumiza wafugaji, ziliwanyima nzige pia udongo mbichi wa kutagia. Kufikia katikati ya mwaka huo makundi yaliyosalia Kenya yalikuwa machache na madogo.