Mjomba Asiye na Dada: Juu ya Kitabu cha Dorfman na Mattelart

Kitabu cha Ariel Dorfman na Armand Mattelart, Para leer al Pato Donald, kilichopigwa chapa Valparaíso, Chile, mwaka 1971, chachambua magazeti ya picha ya Walt Disney. Hoja yake ni kwamba hadithi za Donald Duck, zilizoenezwa katika nchi nyingi kwa lugha nyingi, si mchezo mtupu, bali zina mafunzo yampendezayo tajiri. Ndani yake mali huokotwa, haitokani na kazi, mfanyakazi haonekani. Wenyeji wa nchi za mbali ni kama watoto, nao hutoa hazina zao kwa vitu vya upuuzi.

Sehemu iliyo bora ni ile ya udugu. Waandishi waliona kwamba katika ulimwengu huo baba na mama hawapo; waliopo ni wajomba na wapwa. Neno la Kihispania tío, kama lile la Kiingereza, halitofautishi ndugu wa baba na ndugu wa mama, na hivyo lasaidia kuficha pengo hilo. Kiswahili hakiwezi kulificha. Donald huwalea wana wa dada yake. Mfasiri akisha kumwita mjomba, msomaji hana budi kuuliza dada yuko wapi.

Walakini waandishi walisoma tafsiri za Kihispania zilizouzwa Chile, wala hawakupima vya kutosha mkono wa mfasiri. Watoto wenyewe hawakuulizwa walielewa nini. Tena Carl Barks, aliyetunga nyingi za hadithi hizo, alilipwa kwa ukurasa na jina lake halikuchapwa: naye pia ni mfanyakazi asiyeonekana.

Wenye nguvu hawakukidharau kitabu. Baada ya mapinduzi ya Septemba 1973 nakala zake zilichomwa moto. Na mwaka 1975 tafsiri ya Kiingereza ilizuiliwa kwanza na forodha ya New York, kwa sababu ya haki za picha. Mwaka huo huo taarifa ya kamati ya Seneti ya Marekani ilieleza kwamba shirika la ujasusi la nchi hiyo lilikuwa limelipa gazeti la El Mercurio la Santiago zaidi ya dola milioni moja, ili kumpinga Rais Allende. Habari hiyo waandishi hawakuwa nayo walipoandika. Njia hiyo ilikuwa fupi kuliko ile ya bata, na wasomaji wake walikuwa watu wazima wenye kura.