Macho ya Garima

Bando liliniishia nikiwa kwa Marko. Hivyo ndivyo tunavyotazama sanaa huku Nuu, na chuo niliachana nacho kabla hakijanionyesha picha hata moja ya Ethiopia.

Injili za Garima ni za ngozi, zimeandikwa kwa Kigeez, na zinatunzwa na watawa karibu na Adwa, Tigray. Vipimo vya radiokaboni viliziweka kati ya karne ya 4 na ya 7. Watawa husimulia kwamba Abba Garima aliandika kwa siku moja, Mungu akalichelewesha jua kutua. Ukiona ndege waliochorwa juu ya yale matao, aisee, utaona hata hiyo siku ndefu haingetosha.

Kuna wanaosema hii ni michoro ya kitoto, macho makubwa kupita kiasi. Nakataa. Marko ameketi, amechorwa kwa ubavu, na mchoraji ameuweza ubavu huo vizuri. Kwa hivyo wale wengine waliosimama wakitukazia macho, aliamua tu wasimame hivyo. Alitaka uangaliwe unaposoma.

Vita vya Tigray vilipoanza Novemba 2020, nilihifadhi kila picha niliyopata. Simu yangu si makumbusho, najua.

Susu alichungulia. Kuhusu watakatifu, kimya. Akauliza, "Hiyo ni ngozi ya mbuzi?"

"Ndiyo, susu."

Akaichukua simu, akaisogeza karibu na uso, akitafuta vinyweleo.