Kiambishi "a-" na Tafsiri Yake kwa Kiingereza

Mtoto wa Somanda, mjini Bariadi, aingiapo shule ya sekondari huwa amekwisha kuzizoea lugha mbili, Kisukuma cha nyumbani na Kiswahili cha shule ya msingi, ambazo hazimlazimishi kusema kama mtu anayetajwa ni mume au ni mke. "Amefika" yatosha kwa baba, kwa mama, na kwa mgeni asiyejulikana. Kiingereza ndicho kimtakacho achague baina ya "he" na "she". Naye akiandika "he" kwa habari za mamaye, husahihishwa.

Kosa hilo lastahili kusahihishwa. Lakini lipo jingine lililofundishwa kwa muda mrefu kuwa ndiyo sarufi yenyewe, yaani kwamba "he" humwenea kila mtu ambaye jinsi yake haikutajwa. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1850 iliagiza vivyo hivyo, kwamba maneno ya kiume katika sheria yahesabiwe kuwahusu wanawake pia.

Udhaifu wa kanuni hiyo waonekana katika Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977. Kwa Kiswahili, ibara ya 39 yataka mgombea urais awe ametimiza miaka 40, na kiambishi "a-" hakimtengi mtu. Tafsiri ya Kiingereza humtaja Rais kwa "he" na "his". Samia Suluhu Hassan alipoapishwa tarehe 19 Machi 2021, maneno ya Kiswahili yalimfaa kama yalivyo. Ya Kiingereza yalimhusu kwa msaada wa kanuni ile tu. Hivyo tafsiri imetia jambo ambalo asili haikulisema.

Lipo neno lililo karibu zaidi na "a-", nalo ni "they" ya umoja, iliyotumika tangu karne ya 14, na kukubaliwa mwaka 2019 katika mwongozo wa uandishi wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani. Yafaa mwanafunzi wa Somanda afundishwe, na mfasiri wa sheria aitumie.

Hata hivyo, wasemaji wa Kiswahili wasijisifu upesi. Kiambishi hicho kisichobagua kilikaa katika Katiba miaka 44 kabla mwanamke hajashika urais. Sarufi peke yake haitoi haki. Lakini tafsiri mbaya yaweza kuificha haki iliyokwisha kuandikwa.